Panya wako ana uvimbe: umtibu, umsubiri au umpumzishe?

Panya jike akishavuka mwaka mmoja na nusu, uvimbe si habari ya kushangaza. Ni kati ya maradhi ya uzeeni yanayowapata sana majike ambao hawajatolewa kizazi, na anayefuga panya weupe au wa madoa kwa muda wa kutosha hapa Dar atakutana nao tu: unambeba jioni ubadilishe maranda, kidole kinakuta gololi chini ya kwapa, na usingizi unakata hapo hapo. Swali la kwanza huwa, "Sasa nimuue asiteseke?" Swali si baya, limewahi tu. Kati ya siku unayogusa uvimbe na siku panya anapoanza kuteseka huwa kuna wiki, mara nyingi miezi, ambayo anakula, anapanda na kuiba karanga za mwenzake kama kawaida. Kazi ya mfugaji ni kujua kipindi hicho kinaishia wapi, na kuwa amejiandaa kabla hakijaisha.

Ninayemsemea hapa ni panya wa kufugwa ndani, mzao wa panya wa maabara. Si panya buku, yule mkubwa ambaye shirika la APOPO linamfundisha pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya buku anaweza kufika miaka minane. Magawa, mmoja wao, aliyepewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, alikufa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Huyu wetu ana miaka miwili hadi mitatu ya kuishi, basi. Kwake miezi mitatu ni kipande kikubwa cha uzee, na hesabu zote zinazofuata zinaanzia hapo.

Umeshika nini hasa?

Jike ana chuchu 12, sita kila upande, na tezi za maziwa zimetandaa kuanzia shingoni hadi kinenani, zikipanda na ubavuni. Ndiyo maana uvimbe wa maziwa hutokea mahali ambapo mtu hafikirii maziwa kabisa: chini ya kidevu, begani, juu ya paja. Kwa majike, takribani nane hadi tisa katika kila kumi ya uvimbe wa aina hii si saratani. Madaktari huuita fibroadenoma. Hukua, tena kwa kasi, lakini hausambai kwenda kwenye mapafu wala ini. Ukiuminya taratibu kwa vidole viwili unateleza chini ya ngozi, una ukingo unaoeleweka, na panya mwenyewe anaendelea kutafuna alichoshika. Ule wa kutilia shaka umegandamana na nyama ya chini, hauna umbo, na panya anakonda wakati uvimbe wenyewe bado ni mdogo. Dume naye hupata, mara chache zaidi.

Kabla hujakata tamaa, ondoa kwenye hesabu vitu vinavyofanana na uvimbe. Jipu hutokea ndani ya siku mbili tatu, lina joto, linauma, na ukipekua manyoya utaona kigaga kidogo palipong'atwa na mwenzake. Daktari akitia sindano nyembamba na kuvuta, usaha unajitangaza wenyewe, na jipu linatibika. Mimba nayo hujaza tumbo pande zote mbili sawia, na humalizika kwa siku 21 hadi 23. Kama anaishi na dume, subiri kidogo kabla ya kuagiza jeneza. Na ukiona "uvimbe" wawili chini ya mkia wa dume, hasa miezi ya joto, hizo ni korodani zake. Za panya ni kubwa kweli. Mwache.

Kuna uvimbe wa aina mbili ambao haunipi matumaini sana. Wa kwanza ni unaoota chini ya sikio, ukatoa majimaji na kunuka; mara nyingi huo ni saratani ya tezi iliyo kwenye shina la sikio, na kuikata yote ni kazi ngumu. Wa pili hauonekani wala haushikiki: uvimbe wa tezi ya pituitari chini ya ubongo. Panya anashindwa kushika chakula kwa mikono ya mbele, anasukuma kichwa kwenye ukuta wa tundu, anazunguka upande mmoja, miguu ya mbele inanyooka na kukakamaa. Maambukizi ya sikio pia hupindisha kichwa, lakini panya wa namna hiyo bado anashika punje ya mahindi kwa mikono yake miwili akaila. Mpe punje, mtazame mikono. Kwa uvimbe wa pituitari kuna dawa inayoitwa kabagolini, ambayo huweza kurudisha dalili nyuma kwa muda, si zaidi ya hapo.

Dukani kwa dawa za mifugo utaambiwa umchome oksitetrasaiklini. Antibiotiki haipunguzi uvimbe hata milimita moja, na ile ya miligramu 200 kwa mililita imetengenezwa kwa ng'ombe. Kwa mnyama wa gramu 300 inaumiza nyama pale inapoingia na inaweza kuacha kidonda.

Kisu kabla ya sindano ya mwisho

Kwa panya wa chini ya miaka miwili, mwenye nguvu, asiyekoroma kifuani, na uvimbe unaoteleza ambao bado ni mdogo, mimi huona upasuaji ndio uzungumzwe kwanza. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu ya maneno ya jirani: "Panya? Upasuaji?" Jirani hamlishi.

Ukubwa ni muhimu kwa sababu ya damu. Panya wa gramu 300 ana damu kama mililita 20 mwili mzima. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, ni robo ya damu yake yote. Fibroadenoma hulishwa na mishipa minene, na kadiri unavyokua ndivyo mishipa inavyonenepa. Uvimbe wa sentimita 2 hutoka kwa kipasuo kifupi na mshipa mmoja au miwili ya kufunga. Wa sentimita 7 ni vita. Kwa hiyo "tusubiri tuone utakuwaje" huwa ni kuchagua upasuaji mgumu zaidi bila kujua kuwa umechagua.

Mwulize daktari mambo ya kazi. Nusukaputi atatumia nini? Isoflureni ya kuvuta kwa puani ndiyo salama zaidi, maana ukizima gesi panya anaamka baada ya dakika chache. Mchanganyiko wa ketamini na zailazini hufanya kazi, lakini usingizi wake ni mrefu, hauwezi kupunguzwa katikati kirahisi, na moyo wa panya mzee unaubeba kwa shida. Atampimaje uzito? Kama jibu ni kwa kukadiria, tafuta mwingine. Dozi ya gramu 400 kwa panya wa gramu 280 inaweza kuua. Atamwekea joto? Panya aliyelala usingizi wa dawa hupoteza joto haraka, na hata jijini hapa chumba cha upasuaji chenye kiyoyozi kinatosha kumwua kwa baridi. Nyuzi zitafichwa chini ya ngozi? Zikiachwa nje atazitafuna usiku huo huo.

Na kuna agizo moja la kukataa kwa adabu: "Asile chochote kuanzia jana usiku." Hilo ni la mbwa na paka. Panya hawezi kutapika, mwili wake hauna uwezo huo, na kumshindisha njaa kunashusha sukari ya damu kabla hata hajaguswa kisu. Ale hadi karibu na muda.

Uvimbe ukikatwa vizuri, hapo ulipokuwa mara nyingi hapaoti tena, ila tezi ni nyingi na mwingine unaweza kujitokeza kwingine. Panya akishafikisha miaka miwili na nusu, akiwa na uvimbe wa tatu na kifua kinachokoroma, mimi simshauri mtu kumrudisha mezani. Panya wengi wana bakteria wa mikoplasma mapafuni maisha yao yote, na hapo ndipo nusukaputi huwalemea.

Mizani inadanganya

Ukishaamua kutompasua, nunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, weka bakuli juu yake, irudishe kwenye sifuri, mtie panya ndani. Mara mbili kwa wiki, saa ile ile, kabla ya chakula cha jioni. Andika kwenye daftari.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mizani inapima panya pamoja na uvimbe. Mtu anaona gramu 320 mwezi huu, gramu 320 mwezi ujao, anasema afya ipo. Kumbe uvimbe umeongezeka gramu 40 na panya mwenyewe amepungua gramu 40. Upime uvimbe kwa rula: urefu zidisha kwa upana, zidisha tena kwa upana, gawanya kwa mbili. Sentimita 4 kwa 3 ni 4 × 3 × 3 ÷ 2, yaani sentimita 18 za ujazo, na kwa kukadiria kila moja ni gramu moja. Toa hizo 18 kwenye uzito. Kinachobaki ndicho panya.

Kisha umpapase. Pitisha kidole uti wa mgongoni na juu ya nyonga. Panya mwenye nyama, mifupa unaihisi ukibonyeza. Aliyekonda, pingili unazihesabu bila kubonyeza, na nyonga zimechomoza. Uzito wa mwili bila uvimbe ukishuka kwa asilimia 20 kutoka uzito wake wa utu uzima, hapo umefika mwisho wa njia, hata kama bado anakuja mlangoni kukupokea. Maabara nyingi za utafiti hutumia kipimo hicho hicho, na huongeza kwamba uvimbe usizidi asilimia 10 ya uzito wa mwili au sentimita 4. Hicho cha ukubwa sikichukui kama sheria kwa panya wa nyumbani, kwa sababu fibroadenoma inayoning'inia ubavuni inaweza kupita hapo huku mwenyewe akipanda ngazi. Ila sentimita 4 kwenye kwapa ni habari nyingine: mkono hauendi mbele, anatembea kwa kuburuza, na uvimbe unasuguana na sakafu mpaka unachubuka.

Mbali na uzito, chagua vitu vitatu ambavyo panya wako anavipenda kweli, ukiviandika sasa akiwa mzima. Mmoja hupenda kulala kwenye bembea ya kitambaa, mwingine kubeba karatasi kujengea kiota, mwingine kulamba vidole vilivyoshika parachichi. Panya ni windo la kila mnyama, na windo halioneshi maumivu. Ukisubiri alie utasubiri hadi afe. Lakini hawezi kujifanya anajenga kiota. Kimoja kikiondoka, angalia dawa. Viwili vikiondoka, piga simu.

Uso nao unasoma. Mwaka 2011 watafiti walitoa kipimo cha maumivu kwa kutazama sura ya panya: macho yanayofumbwa nusu, pua na mashavu yaliyobonyea na kuwa bapa, masikio yaliyojikunja na kugeukia pembeni, masharubu yaliyokakamaa. Mpige picha leo akiwa hana shida, kwa ubavu, mwanga wa dirishani, ili uwe na ya kulinganisha. Machozi mekundu puani na machoni si damu, ni majimaji ya tezi ya jicho yenye porfirini, rangi nyekundu ya asili. Yakionekana kidogo asubuhi akayafuta mwenyewe si neno, yakiganda kutwa nzima maana yake ameacha kujisafisha. Panya aliyeacha kujisafisha anaumwa sana.

Dawa ya maumivu, na jinsi inavyokujibu

Dawa inayotumika sana kwa panya ni meloksikamu. Dozi aandike daktari. Ya kawaida ni karibu miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili, mara moja kwa siku. Tazama hesabu hiyo inavyokuwa kwa mnyama mdogo. Panya wa gramu 300 anahitaji miligramu 0.3. Dawa ya maji ya mbwa, miligramu 1.5 kwa mililita, ni mililita 0.2, kiasi kinachopimika kwa bomba la mililita moja lisilo na sindano. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 kina dozi 25 za panya huyo, kwa hiyo kukivunja kwa kisu na kukadiria kwa jicho ni kamari. Sindano ya ng'ombe ya miligramu 20 kwa mililita ndiyo usiiguse kabisa: dozi yake ingekuwa mililita 0.015, tone halifiki. Diklofenaki iliyobaki kwenye droo ya dawa, usimpe. Tumbo na figo zake hazina nafasi ya makosa. Na meloksikamu haichanganywi na dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni, hata kama kila moja imeandikwa na daktari tofauti. Waambie wote wawili.

Mpe siku tatu pamoja na chakula. Akirudi kwenye bembea, akarudi kubeba karatasi, maana yake kilichokuwa kinamzuia ni maumivu na umepata muda zaidi. Siku tatu zikipita bila tofauti yoyote, usiongeze dozi kwa mkono wako. Umeshajibiwa.

Huku nyuma mshushie maisha. Ondoa ngazi na ghorofa za tundu, shusha chupa ya maji ifike kwenye kifua chake na uongeze kibakuli cha chini, badilisha maranda kwa vitambaa vya pamba au karatasi za jikoni zisizokwaruza uvimbe. Chakula kiwe laini: uji mzito wa lishe bila sukari, yai la kuchemsha, wali na dagaa walioroweshwa wakatoka chumvi, nyama ya parachichi bila ganda wala kokwa. Mwenzake asiondolewe. Panya mgonjwa aliyetengwa hushuka haraka kuliko aliyelala amegandamana na ndugu yake.

Dar ina mambo yake mawili. Kwanza joto. Panya hatoki jasho. Hupoza mwili kwa mkia, na ikipita nyuzi 30, hasa Januari hadi Machi hewa ikiwa nzito, mwenye uvimbe mkubwa anachoka kabla ya wenzake. Umeme ukikatika feni inakwenda nao, kwa hiyo weka chupa ya maji iliyoganda, izungushie kitambaa, iegemeze upande mmoja wa tundu ili aisogelee au aikimbie mwenyewe.

Pili, nzi. Uvimbe ukichubuka, nzi wa mji huu hawangoji mwaliko. Hutaga kwenye kidonda, na ndani ya siku moja tu unaweza kukuta funza. Funika tundu zima kwa chandarua, chomeka pindo chini. Kidonda kioshwe mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi: gramu 4.5 za chumvi, kasoro kidogo ya kijiko cha chai, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Spiriti hapana, haidrojeni peroksaidi hapana; vinaunguza nyama inayojaribu kupona. Kidonda kilichopasuka juu ya uvimbe mara nyingi hakifungi, kwa sababu ngozi imevutwa hadi damu haiifikii. Panya akianza kuutafuna uvimbe wake mwenyewe, au ukakuta funza, hiyo ni ya daktari leo hii.

Mpaka unawekwa ukiwa na akili tulivu

Uandike kwenye daftari lile lile, na mwenzako wa nyumbani ausome, ili siku ikifika msianze kubishana. Wangu ungekuwa hivi: asilimia 20 ya uzito imeondoka, au saa 24 hajala hata chakula laini akiwa na dawa ya maumivu, au hawezi kufika kwenye maji, au uvimbe umepasuka na kuoza, au siku tatu za dawa hazijarudisha kitu. Lolote moja linatosha, wala hayasubiriani. Upumuaji una mpaka wake: panya aliyetulia huhema mara 70 hadi 115 kwa dakika, na ubavu hauingii ndani. Akihema kwa mdomo wazi, mbavu zikifyonzwa, hiyo si ya kusubiri miadi.

Kuna wanaosema, "Acha afe mwenyewe usingizini, ndiyo asili." Panya mwenye uvimbe mara chache hufa usingizini. Hufa kwa njaa ya polepole, kwa kidonda kilichooza au kwa kushindwa kuhema, na mara nyingi ni saa nane usiku wa Jumapili wakati hakuna kliniki inayopokea simu. Hiyo tu inatosha kunifanya niwe upande wa mapema. Ukimpumzisha Alhamisi akiwa bado analamba parachichi utajilaumu kidogo. Ukimwacha mpaka Jumapili, siku tatu hizo atakuwa amezilipa yeye.

Siku yenyewe

Tafuta daktari kabla hujamhitaji. Kliniki za wanyama jijini zimezoea mbwa na paka, kwa hiyo piga uulize moja kwa moja: mnapokea panya wa kufugwa, na mmewahi kumpumzisha mnyama wa gramu 300? Aliyewahi kufanya kazi na panya wa maabara huwa anakujibu bila kucheka. Hakikisha amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Muuza dawa wa dukani si daktari, hata akivaa koti jeupe. Kama unaishi Mbagala na kliniki iko Mikocheni, omba miadi ya kwanza ya asubuhi ukwepe foleni na jua. Bajaji ni bora kuliko bodaboda, maana kisanduku kinakaa pajani bila kupigwa na upepo na mtikisiko. Weka ndani kitambaa alicholalia, chenye harufu ya tundu. Na chakula anachokipenda kiende naye. Hakuna sababu ya kumfungisha.

Namna sahihi ina hatua mbili. Kwanza analazwa: kwa gesi ya nusukaputi, au kwa sindano ya kutuliza chini ya ngozi au tumboni, akae gizani dakika tano hadi kumi. Daktari anambana kidole cha mguu kwa nguvu. Akivuta mguu, bado. Asipovuta, ndipo inafuata dozi kubwa ya dawa ya usingizi, pentobabitali ikiwepo, kwa kawaida tumboni. Inachukua dakika chache. Sindano ya kwenye moyo inaruhusiwa kwa panya aliyelala fofofo tu, na kloridi ya potasiamu, inayosimamisha moyo, vivyo hivyo. Akitaka kuchoma moyo wa panya aliye macho, mchukue mnyama wako uondoke.

Unaruhusiwa kuuliza kama unaweza kumshika wakati dawa ya kwanza inaingia. Jua utakachoona: macho hayafumbi, mkojo hutoka, na anaweza kuvuta pumzi moja mbili za ghafla baada ya moyo kuacha kufanya kazi. Hiyo ni misuli tu, hahisi chochote. Daktari asikilize moyo kwa dakika kadhaa na aguse mboni ya jicho kabla hajakukabidhi.

Usijaribu nyumbani. Nasema hivi kwa sababu mbinu zinazosambaa ni za kikatili hata zikipewa jina la huruma. Ndoo ya maji ni dakika za kupambana. Friji humgandisha akiwa na fahamu. Siki na magadi kwenye ndoo hutoa gesi ya kaboni isiyopimika, na panya anaihisi, anahaha. Kuvunja shingo ni kazi ya aliyefunzwa, na hata miongozo ya chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, inaiwekea panya mpaka wa gramu 200, wako amezidi. Na ile ya kipaza sauti mitaani, "sumu ya panya, mende, kunguni", ndiyo mbaya kuliko zote: zile za kuzuia damu isigande huua kwa siku kadhaa za kuvuja damu ndani, na zile za fosfidi ya zinki hutoa gesi tumboni ambayo ni hatari hata kwako unayemshika. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na panya ni mnyama.

Baadaye

Mzike kwenye kitambaa au karatasi, si mfuko wa plastiki, kwenye shimo la sentimita 60, mbali na kisima. Mchanga wetu ni laini, kwa hiyo weka jiwe au tofali juu kabla ya kumalizia kufukia. Kina hicho si cha heshima tu: pentobabitali inabaki mwilini, na paka, mbwa au kunguru wakimfukua nao wanaweza kufa. Kunguru wa Dar unawajua. Kama huna uwanja, mwachie daktari amchome pamoja na taka za kliniki, usimpeleke jalalani wala mtaroni. Uvimbe wenyewe hauambukizi mtu wala panya mwingine. Nawa tu kwa sabuni, na tundu lioshwe.

Ikiwezekana, mwache mwenzake anuse mwili kwa dakika kumi kabla ya kuzika. Wengine hunusa wakaondoka, wengine humsafisha manyoya. Panya aliyebaki peke yake hula kidogo siku za kwanza, kwa hiyo mpime kila siku kwa wiki moja, umkalie muda mrefu zaidi jioni, na umtafutie mwenza wa jinsia yake. Mgeni akae tundu lake, chumba kingine, kwa wiki mbili kwanza. Mafua ya panya huja na wageni, na aliyebaki yuko dhaifu kuyapokea.